Kuuza Ukiwa Nyumbani Nairobi Bila Namba Kuporomoka: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Ujumbe ninaoupokea kutoka kwa wauzaji wa hapa Nairobi huwa na sura moja. Mtu aliomba siku za kufanyia kazi nyumbani, akapewa. Mwezi wa kwanza mambo yakawa shwari, hata akajipiga kifua. Mwezi wa pili LPO, yaani oda za maandishi za wateja, zikaanza kukauka, na kufikia wa tatu bosi akamwita: kuanzia Jumatatu, ofisini saa mbili kamili. Sasa anauliza alikosea wapi, maana bidii ilikuwa ileile.

Wengi wao si wavivu. Walichukua kazi nzima ya ofisini, wakaibeba jinsi ilivyo na kuitua sebuleni. Kazi ya mauzo haihamishiki hivyo. Ina vipande vinavyostawi nyumbani, vipande vinavyokufia huko, na vingine ambavyo si vya nyumbani wala vya ofisini. Hivyo ni vya barabarani, mbele ya mteja.

Mwongozo huu ni wa anayeuzia kampuni, shule, hoteli, zahanati au maduka, kwa mshahara na kamisheni, na ana ofisi anayotakiwa kuripoti. Kama unauza kaunta, hautakufaa sana. Mimi nimeuza sabuni na dawa za usafi za mitungi ya lita 20, kwa hiyo utavumilia mifano inayonuka dawa ya choo.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Usikimbilie kununua kiti. Mimi nilianza na kiti, kizuri kweli, cha Ngong Road, na mwezi huo nikakosa tageti nikiwa nimekaa vizuri mno. Vinavyohitajika ni hivi:

- Laini ya pili ya simu, ya kazi tu, iliyosajiliwa kwa jina la kampuni.
- Njia mbili za intaneti: moja ya nyumbani na bando kwenye simu.
- Betri ndogo ya ruta. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12, na betri za kuziwasha stima ikipotea zinauzwa. Pita Luthuli Avenue uulize bei maduka matatu kabla ya kutoa pesa.
- Hedifoni zenye kipaza sauti kinachokaa karibu na mdomo.
- Orodha ya bei iliyoidhinishwa, pamoja na maandishi yanayoonyesha unaweza kupunguza hadi wapi bila kumuuliza mtu.
- Jedwali moja la wateja wote na hatua ambayo kila mmoja amefikia. Likiwa kwenye kompyuta, vizuri. Likiwa kwenye daftari, sawa pia, mradi liwe moja.
- Mlango unaofungika.

Laini ya kazi inahitaji maelezo kidogo. Namba za wateja zikikaa kwenye simu yako binafsi, kati ya za shangazi na za fundi wa gesi, siku ukiibiwa simu kwenye matatu umepoteza mali ya kampuni. Tena kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Jina na namba ya mtu ni data yake binafsi, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya kampuni ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Mteja akikuuliza "Namba yangu umeitoa wapi?" uwe na jibu la kweli. Akisema usimpigie tena, mwondoe siku hiyohiyo.

Kama unaishi bedsita na mwenzako pia hufanyia kazi humo, usidanganyike kwamba mtapishana. Mkubaliane saa za kila mmoja kupiga simu, na ziandikwe ukutani.

## Hatua ya 1: Jipime wiki mbili ukiwa bado ofisini

Kabla ya kuomba chochote, andika kila kazi unayofanya, mahali ulipokuwa, dakika ilizochukua, na kilichokukwamisha. Wiki mbili kamili, bila kuruka siku mbaya.

Andika na safari. Nikiwa naishi Kahawa West na ofisi iko Industrial Area, nilitoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo ili niwe mezani saa mbili. Jioni nilitoka saa kumi na moja na kufika saa moja na nusu, mvua ikinyesha saa mbili na nusu. Ukijumlisha kwa wiki, ni zaidi ya saa 20 kwenye kiti cha matatu.

Hapo ndipo watu husema, "Unaona? Nikibaki nyumbani nitapata saa 20 za kuuza." Hapana. Utapata saa 20 zisizo na kazi. Saa ambayo hujaipangia kitu nyumbani huliwa na nguo za kufua, na simu za watu wanaojua uko nyumbani.

Wiki mbili zikiisha, uweze kusema bila kubahatisha ni kazi zipi zilikuchukulia muda na ni zipi zilileta LPO. Mara nyingi hazifanani, na kuona hilo kwa mwandiko wako mwenyewe kutakuuma kidogo.

## Hatua ya 2: Gawa mauzo kwa vipande, siku zitajipanga

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanauliza, "Niombe siku ngapi za nyumbani?" Swali hilo lina makosa tangu mwanzo. Chukua safari nzima ya mauzo, kuanzia simu ya kwanza hadi pesa kuingia, halafu uulize kila kipande kinataka kufanyiwa wapi.

Simu za kufuatilia. Nyumbani. Huyu mteja anakujua tayari, kotesheni (bei uliyomwandikia) anayo, unachohitaji ni utulivu wa kumsikiliza. Ofisini unaongea na mhasibu wa hoteli huku nyuma yako mtu anasimulia mechi ya jana kwa sauti ya mtangazaji.

Kotesheni. Nyumbani pia, asubuhi kichwa kikiwa kipya. Niliwahi kuruka sifuri moja kwenye bei ya mtungi, ofisini, kelele tupu. Mteja alirudi na LPO ya bei hiyohiyo, amenyooka kama rula, na ilinichukua siku tatu za kuomba radhi kuirekebisha.

Simu za kutafuta wateja wapya. Hapa natofautiana na wengi: fanya ofisini. Kukataliwa mara kumi mfululizo ukiwa peke yako chumbani si kitu cha mchezo. Ofisini mwenzako anakuona uso umeanguka, anakuambia twende chai, mnamcheka yule mteja aliyekata simu katikati ya salamu, unarudi mezani. Nyumbani unaenda jikoni "dakika mbili", na simu ya kumi na moja haipigwi. Chagueni saa moja, watatu au wanne, mpige pamoja.

Bei ya mwisho. Kwa mteja. Afisa wa ununuzi ana kotesheni tatu mezani, na zote zinafanana. Atakayekumbukwa ni yule aliyefika. Kuna hoteli moja ndogo niliyoifuata kwa simu miezi miwili bila kitu. Siku niliyoenda na chupa ya sampuli, afisa alinielekeza jikoni nikamwone mama wa usafi. Nikamimina kifuniko kimoja kwenye ndoo, akatia mkono, akasugua vidole, akasema, "Hii haitelezi. Ile nyingine ilimwangusha msichana wetu." Kisha akaenda mwenyewe kumwambia afisa. Miezi miwili ya simu sikujua kwamba mwenye neno ni yeye.

Malalamiko. Nenda, siku hiyohiyo ikiwezekana. Ujumbe wa WhatsApp kwa mteja aliyekasirika huongeza moto.

Madeni. Simu kwanza, kwa upole. Deni likipita siku 60, chapisha taarifa ya akaunti yake uende ukae mapokezi. Ni vigumu mtu kukuambia "mwenye kutia sahihi hayuko" wakati mwenye kutia sahihi amepita mbele yenu na kikombe cha chai.

Ukimaliza kugawa hivyo, hesabu. Mimi ilinitokea siku mbili za ofisini, asubuhi mbili za nyumbani, na zilizobaki zote ni za barabarani. Yako itakuwa tofauti. Ikitokea umejipa siku tano za nyumbani, rudia zoezi, maana umejipendelea.

## Hatua ya 3: Kama wewe ni mgeni wa kazi, subiri

Chini ya miezi sita kazini, kaa ofisini. Sisemi kwa ukali. Sehemu kubwa ya mauzo hujifunzwa kwa sikio.

Nilikaa mwaka wangu wa kwanza karibu na mzee mmoja ambaye mteja akimwambia "tutakupigia", hakusema sawa wala asante. Alinyamaza. Kimya kikawa kirefu hadi mimi niliyekaa pembeni nikajisikia vibaya. Halafu angeuliza polepole, "Na ni nani mwingine anayepaswa kuiona hii bei, mkubwa?" Mteja angemtajia jina. Hilo jina ndilo lililokuwa na hundi. Hakuna mafunzo yoyote yaliyonifundisha hilo; nililisikia tu, siku baada ya siku, nikijifanya naandika.

Dalili kwamba umeiva: wenzako wanaanza kukuuliza wewe.

## Hatua ya 4: Vunja vizuizi vinavyokufunga na ofisi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo iliyonigharimu mimi.

Januari moja, wiki ya shule kufunguliwa, bwana fedha wa shule ya kibinafsi upande wa Ruiru alinipigia saa tatu asubuhi. Alitaka mitungi 30, na invoisi mkononi kabla ya saa sita ili hundi itiwe sahihi pamoja na nyingine. Mimi nyumbani, hedifoni masikioni, najiona mkubwa. Kumbe invoisi za eTIMS, ule mfumo wa invoisi za kielektroniki wa KRA (mamlaka ya kodi), zilitoka kwenye kompyuta moja tu ofisini, na aliyekuwa na neno la siri alikuwa likizoni. Nilipiga simu nne. Punguzo aliloomba lilihitaji bosi, naye alikuwa kwenye mkutano. Saa saba bwana fedha akaniandikia: "Pole kijana, tumechukua kwingine." Kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa la ofisi, sikuwahi kuuliza.

Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza ya nyumbani, malizana na mambo haya matatu.

Punguzo: upewe kiwango chako kwa maandishi. Hata kama ni kidogo, kiwe chako. Na zaidi ya hapo, ujue mtu wa kwanza kumpigia, na wa pili wa kwanza asipopatikana.

Invoisi: tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na invoisi ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi na KRA wakati wa kukokotoa kodi. Ndiyo maana mhasibu wa mteja hataki karatasi yako ya zamani, hata umbembeleze. Hakikisha angalau watu wawili ofisini wanaweza kutoa invoisi, na uwe na namba za wote wawili.

Stoki: uweze kujua kilichomo stoo bila kumwomba mtunza stoo aende kuhesabu. Kuahidi mzigo usiokuwepo ni kosa ambalo ofisini ungelikwepa kwa kuchungulia tu mlangoni.

Jaribu kabla ya kuhama. Siku moja ukiwa ofisini, nenda ukae kwenye gari au kwenye mkahawa wa jirani, uigize mteja anayetaka kotesheni, punguzo na invoisi. Kama vyote vitatu vimetoka ndani ya saa moja, uko tayari.

## Hatua ya 5: Mwombe bosi jaribio la wiki nane, kwa maandishi

Usianze na msongamano wa magari. Bosi naye amekaa kwenye msongamano huohuo, na yeye amefika. Anza na wateja, uonyeshe jedwali lako la wiki mbili.

Ujumbe wangu ulikuwa karibu hivi:

"Habari ya asubuhi, Madam. Nimepima kazi yangu ya wiki mbili na nimeona simu za kufuatilia na kotesheni zinanichukua muda mrefu ofisini. Naomba tujaribu wiki nane. Jumatatu na Alhamisi niwe ofisini. Jumanne na Jumatano asubuhi nifanyie nyumbani, mchana nitoke kwa wateja. Ijumaa niwe barabarani. Nitaleta ripoti kila jioni. Miadi mipya ikishuka chini ya 6 kwa wiki, wiki mbili mfululizo, nitarudi ofisini bila kuitwa."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyofungua mlango. Bosi wa mauzo haogopi wewe kukaa nyumbani. Anaogopa kwamba atachelewa kujua mambo yameharibika.

Akikubali, yaingie kwenye mkataba au barua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka mkataba utaje mahali pa kazi, na likibadilika jambo kama hilo, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, aurekebishe mkataba na kumjulisha kwa maandishi. Uliza papo hapo kuhusu pesa ya usafiri na ya salio la simu. Kampuni zingine zikisikia "nyumbani" hukata marupurupu ya usafiri yote, ilhali wewe bado utazunguka mji siku tatu.

Tahadhari: makubaliano ya mdomo hufa siku bosi anapobadilishwa. Nimeona mtu akipewa barua ya kujieleza kwa utoro, na aliyemruhusu alikuwa amehama kazi.

## Hatua ya 6: Iandae nyumba kwa sikio la mteja

Mteja hatakiona kiti chako. Atausikia mtaa wako.

Jirekodi dakika tano ukiongea, saa tatu asubuhi na tena saa tisa mchana, kisha usikilize kwa hedifoni. Utasikia vitu ulivyozoea hadi hukuvisikia tena: muuza mayai na spika yake, mjengo wa jirani, lori la maji likirudi kinyumenyume, keateka akigonga kudai pesa ya takataka. Chumba chenye kabati la nguo na godoro hupunguza mwangwi kuliko sebule ya vigae. Mimi simu kubwa huzipigia chumba cha kulala, mgongo kwa dirisha, uso kwa kabati. Si picha ya kuweka mtandaoni, lakini sauti inatoka safi.

Stima: Kenya Power hutangaza mapema maeneo yatakayokatwa kwa matengenezo. Angalia kila wiki, na siku ya mtaa wako iwe ya ofisini au ya barabarani. Za ghafla huwezi kuzikwepa, ndiyo sababu ya ile betri ya ruta. Lakini elewa mpaka wake: mitambo ya intaneti ya jengo au mtaa ikizimika pia, ruta yako itawaka bila kuleta kitu. Hapo ndipo bando huingia.

Watu wa nyumbani: ongea nao kabla, si siku ya kwanza saa tatu asubuhi. Mtoto mdogo haelewi "baba yuko kazini" wakati baba yuko hapo anamwona. Kwetu tulitumia kofia. Nikivaa kofia nyekundu mlango haugongwi. Ilifanya kazi kwa watoto. Kwa mama mkwe hatukufaulu, na nilijifunza kupanga safari za wateja wiki anazotutembelea.

Na usihamie mkahawani ukidhani umetatua kelele. Kutaja bei, deni na jina la mteja mbele ya meza nne za watu usiowajua ni hatari kwako na kwa kampuni.

## Hatua ya 7: Panga siku kwa saa za mteja

Kila aina ya mteja ina saa yake, na ukiikosea utaambiwa "piga baadaye" wiki nzima. Kwangu imekuwa hivi: hoteli huwa kwenye kupokea mboga na nyama asubuhi, basi mtunza stoo anaongea vizuri baada ya saa nane mchana. Shule hununua kabla ya muhula, kwa hiyo simu za Desemba, Aprili na Agosti zina thamani kuliko za katikati ya muhula. Maduka ya vifaa vya ujenzi asubuhi yamejaa mafundi, piga mchana. Jumatatu asubuhi wengi wako mikutanoni. Ijumaa baada ya saa tisa hakuna anayeamua lolote Nairobi hii, labda mahali pa nyama choma.

Kwa hiyo asubuhi ya nyumbani ni ya kotesheni saa mbili hadi saa nne, kisha simu za kufuatilia hadi saa sita, WhatsApp ikiwa imefungwa kwenye kompyuta. Saa saba unatoka.

Kutoka nako kuna hesabu yake. Panga wateja kwa barabara moja. Siku ya Mombasa Road ni Syokimau, Mlolongo hadi Athi River. Siku ya Thika Road ni Roysambu, Kasarani hadi Ruiru. Kumtembelea mteja Westlands na mwingine Embakasi mchana mmoja ni kujitafutia adhabu, hata kama kuna ile barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Tena ada yake nani analipa? Uliza kabla ya kupanda. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, punguza mteja mmoja kwa kila siku ya barabarani, na weka nauli ya ziada mfukoni, maana wingu likitanda makanga naye anapandisha.

Utajua siku imepangika ukiona saa kumi na moja jioni inakukuta tayari uko upande wa nyumbani.

## Hatua ya 8: Ripoti ya jioni, mistari mitano

Itume kabla bosi hajauliza. Mfano:

"Simu 22, zilizopokelewa 13. Miadi mipya 2: hoteli Syokimau, shule Ruaka. Kotesheni 3 zimetoka. LPO 1. Kimekwama: punguzo la kliniki ya Donholm, naomba jibu kabla ya saa nne kesho."

Mstari wa mwisho una kazi kubwa kuliko minne ya kwanza. Ofisini ungesimama mlangoni kwa bosi hadi akuangalie. Nyumbani ombi lisilo na saa hulala. Usipambe namba. Simu 9 ni simu 9. Siku utakayokuja na namba mbovu, zile nzuri zote za nyuma ndizo zitakazokutetea.

## Hatua ya 9: Soma namba sahihi, maana mwezi wa kwanza utakudanganya

Sasa turudi kwa yule aliyeniandikia, ambaye mwezi wa kwanza alifurahi.

Katika kazi yangu, kutoka simu ya kwanza hadi LPO huchukua kama wiki tano hadi saba. Maana yake mauzo ya mwezi wa kwanza nyumbani ni mbegu ulizopanda ukiwa ofisini. Unavuna, unajisifu, na huku shambani hakuna kilichopandwa. Njaa inaonekana mwezi wa pili, na kufikia hapo imeshachelewa kutibiwa haraka.

Kwa hiyo usitazame mauzo wiki nne za kwanza. Tazama miadi mipya, yaani watu ambao hujawahi kukaa nao wamekubali kukuona. Hiyo ndiyo namba inayoshuka kwanza, kimyakimya, kwa sababu simu za kufuatilia ni tamu na za wageni ni chungu, na nyumbani hakuna anayekuona ukiziruka. Baada ya miadi, tazama kotesheni. LPO na pesa iliyoingia zisubiri wiki ya sita.

Chora mistari miwili kwenye jedwali lako, miadi ya wiki ulipokuwa ofisini na ya sasa. Ikilingana, endelea. Ikipanda, usiongeze siku za nyumbani bado. Maliza wiki nane kwanza. Ikishuka wiki moja, ongeza saa moja ya simu za wageni siku za ofisini. Ikishuka wiki mbili mfululizo, timiza ahadi uliyoandika: rudi ofisini wiki nzima kabla hujaitwa.

Na ukirudi, usitafute kona tulivu. Kaa karibu na yule anayeongea kwa simu kwa sauti kubwa kuliko wote, fungua orodha ya wageni, na saa tatu kamili piga ya kwanza.